Kuhesabu

Kule juu mgodini, kwenye lori la tani mia tatu,
kuna kamera ndogo inayonitazama macho.
Nikifumba kope kupita sekunde mbili
kiti kinanitikisa, king'ora kinalia,
na msimamizi ananiuliza redioni kama nimekula.
Shaba ni mali. Haitaki dereva anayesinzia.

Nyumbani Antofagasta, mwanangu Baltazar, miaka tisa,
kilo sitini na moja,
analala chali, mdomo wazi, shingo imejaa,
na hana kiti cha kumtikisa.

Anakoroma. Halafu hakoromi.
Hapo ndipo ninapoanza:
moja, mbili, tatu,
kifua kinapanda, hewa haiingii,
kama mtu anayevuta mlango uliokomewa kwa ndani,
kumi na nne, kumi na tano,
gari la taka linapita barabarani,
kumi na tisa.
Kisha anaibuka kwa kishindo, anageukia ukutani,
na mto umelowa jasho.

Husemwa usingizi ni nduguye mauti.
Sikujua kwamba ndugu hawa hulala kitanda kimoja
wakigombania blanketi la mtoto.

Mama mkwe, Herminia, alisema mwacheni,
kukoroma ni kushiba, babu yake alitikisa mabati.
Mwalimu aliandika kwa wino mwekundu:
mvivu, hulala saa ya hesabu.
Wenzake wakampa jina ambalo sitaliandika hapa.
Na mimi, nikishuka kila baada ya siku saba,
nilileta nini? Soda ya lita tatu, keki ya maziwa,
maana baba asiyekuwepo
huona haya kuingia mikono mitupu.

Daktari Oyarzún alimulika koo:
tezi mbili zimevimba, zimekutana katikati
kama majirani waliogombana kwenye ujia mwembamba,
hakuna anayempisha mwenzake.
Kisha akasoma karatasi ya damu.
Kuna moto humu, alisema, si wa ndimi, wa makaa.
Mafuta ya mwilini hayakai kimya, yanapuliza;
na kila pumzi inapokatika, damu ikapungukiwa hewa,
makaa yanachochewa tena.
Usingizi mbovu huamka na njaa,
njaa huongeza uzito,
uzito hurudi kukaa kooni.

"Kosa la nani?" akauliza mke wangu, Yasna.
Daktari akafunika kalamu yake.
"Nimesema damu," akajibu. "Sikusema kosa."

Usiku ule niliweka kiganja kwenye paji la mtoto.
Baridi, kama sahani iliyooshwa.
Nilizoea homa zinazojitangaza,
zinazotaka kitambaa chenye maji na mtu wa kukesha.
Hii ilikuwa imehamia kwetu bila kubisha hodi,
ikakaa mezani, ikala nasi.

Hospitali walimbandika nyaya ishirini na mbili.
"Baba, nikiota wataona?"
"Wataona unavyopumua tu."
"Basi sawa," akasema, akafumba macho
kama mtu mwenye jambo la kuficha.

Mara kumi na saba kila saa.
Mashine huhesabu vizuri kuliko mimi.

Sasa tunangoja upasuaji, na foleni ni ndefu.
Soda tumeiacha. Amelia mara mbili;
mara ya tatu nililia mimi, nikamnunulia,
Yasna akaimwaga kwenye sinki bila neno.
Jioni wanatembea hadi ufukweni na kurudi,
yeye mbele, akihema, akipiga teke kopo lile lile.

Nikapanda tena mgodini. Nikamsimulia Nibaldo,
miaka sita tunalala chumba kimoja cha bati,
kitanda chake kwa changu hatua moja.
Alisikiliza mpaka mwisho, akazima taa.

"Wewe mwenyewe," akasema gizani, "hufika ishirini na tatu."

"Ishirini na tatu nini?"

Upepo wa jangwani ulikuwa unakwaruza ukuta.

"Mimi huhesabu," akasema. "Lala."